Mtu wa Kitambaa cha Njano

Mimi ni mtu wa wivu, na sikuanza jana. Wiki iliyopita mwanangu na binamu yake waligombana sebuleni kwangu juu ya picha mpya iliyotengenezwa kutokana na gemu. Mmoja alisema picha imeharibu gemu, mwingine akashikilia kwamba hajawahi kuona picha ya ujasiri nzuri kama hiyo, na kwa kuwa wanajua nilikulia kwenye banda la video, wakanijia niwaamulie. Niliwaambia nina chungu jikoni. Sikuwa na chungu chochote. Nilikwenda kusimama mbele ya sinki, mtu mzima na miaka yangu, na kifuani nikasikia kitu kilekile kilichonichoma Shinyanga nikiwa darasa la nne.

Wenzangu mliokua enzi za deki za mikanda mtanielewa. Kambarage, mtaa wa Shinyanga tulikokaa, nyumba zenye televisheni ungeweza kuzitaja kwa majina, na watoto wengi picha waliiona kwa masikio, yaani kwa kuhadithiwa na aliyeiona. Mimi nilikuwa ndiye aliyeiona. Mama alikuwa akiuza chai na maandazi mlangoni pa banda la Baba Kulwa, mzee mmoja aliyechimba dhahabu huko Geita mpaka duara lake, yaani shimo lake la mgodi, likampa pesa ya televisheni, deki na jenereta, akakimbia kabla duara halijadai chake. Banda lilizungushiwa turubai la bluu, ndani mna mabenchi ya mbao yanayochana nguo, na joto lake lilinuka dizeli, jasho na mafuta ya maandazi ya mama. Mwanangu akikaanga mayai vibaya hadi mafuta yaungue, bado naona staringi akiruka kutoka kwenye paa. Nilikaa karibu na birika, bure, kila Jumamosi na Jumapili alasiri. Jumatatu wakati wa mapumziko nilikuwa mtu mkubwa.

Kuhadithia picha ilikuwa kazi, msidhani mchezo. Lazima ujue kupiga ngumi kwa mdomo, ujue sauti ya gari linaloshika breki, ujue pa kunyamaza. Wasikilizaji walinilipa kwa ubuyu na vipande vya muhogo, lakini malipo yangu hasa yalikuwa Milembe. Milembe alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na wazazi wake na Bibi Ngolo, mama mzaa baba yake. Alikuwa rafiki yangu tangu hatujui kufunga vifungo. Nikihadithia alikaa mbele kabisa, magoti yamekutana, na kila nilipovuta pumzi alisema, "Halafu?" Hakuna mtu amewahi kunisikiliza hivyo tena, mume wangu akiwemo. Nilimpenda Milembe kwa sababu ya ile "halafu" yake, na nilidhani ni yangu peke yangu.

Kisha akaja Farzana. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, na yeye alihamia darasani kwetu katikati ya mwaka, akiwa na mkoba wenye magurudumu ambao haukuweza kuburutwa popote kwa sababu ya mchanga. Mwalimu alimkalisha na Milembe, maana Milembe alikuwa mwepesi wa hesabu. Baada ya wiki mbili Farzana alimwalika kwao Jumamosi. Mimi sikualikwa. Nilijiambia sijali, na Jumamosi hiyo nilimwaga chai ya wateja wawili.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mama ruhusa ya kwenda haja, nikaenda mpaka nyuma ya duka la baba yake Farzana. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, lina nondo na pazia la waridi. Nilipanda juu ya tofali nikachungulia. Milembe alikuwa ameketi kwenye zulia, televisheni mbele yake, mikononi ameshika kidude chenye waya. Ndani ya televisheni kulikuwa na mtu mdogo aliyefunga kitambaa cha njano kichwani, anashuka shimoni kwa kamba. Milembe akibonyeza, yule mtu anaruka. Milembe akiinama kushoto na mwili mzima, yule mtu naye anakwenda kushoto. Farzana alikuwa anakula biskuti na kupiga kelele, "Rudi! Rudi! Umesahau ufunguo!" na yule mtu, kwa amri ya rafiki yangu, alirudi.

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimeona mastaringi mia moja katika maisha yangu, nimewapigia kelele wasiingie mlango ule, na hata mmoja hakuwahi kunisikia. Wa Milembe alimsikia. Nilishuka kwenye tofali tumbo limejaa kitu cha moto, nikarudi kwa mama, nikasema tumbo linauma, na haukuwa uongo.

Kuanzia hapo Milembe alikuja shuleni na habari za Mtu wa Kitambaa cha Njano. Mtu huyo alikuwa anamtafuta kaka yake aliyepotea chini ya mlima. Kila chini ilikuwa na chini yake. Kulikuwa na mto mweusi wenye mamba, na mzee anayeuza kamba asiyezungumza, na ukikosea kuruka yule mtu anakufa, halafu anaanza tena, kwa sababu alikuwa na roho tatu. Watoto wa kwetu walielewa upesi. Nusu ya darasa walikuwa na baba au mjomba aliyeko kwenye maduara huko Geita, na wote walijua maana ya mtu kushuka kwa kamba kumfuata kaka yake. Nami nilijaribu kuendelea na kazi yangu. Siku moja nikiwa katikati ya picha ya karate, Milembe aliniuliza, "Mbona asirudi nyuma achukue panga?"

"Picha hairudi nyuma," nikamwambia.

"Ya kwetu inarudi."

Ya kwetu! Alikuwa na kwetu nyingine, na mimi simo.

Haikupita muda Baba Kulwa akarudi kutoka Mwanza na mikanda mipya. Aliandika kwa chaki kwenye ubao wake, na chini ya maandishi akamchora mtu mwenye kitambaa kichwani. "Hii imetoka kwenye gemu," alimwambia mama, akijisifu. "Wameitengeneza picha kamili, na watu wa kweli."

Hapo akili yangu ya mtoto ilifanya hesabu zake. Nilielewa kwamba mtu akicheza gemu vizuri sana, mchezo wake unarekodiwa, unapelekwa Ulaya, na wazungu wanaurudia kwa watu wa kweli, hatua kwa hatua. Sasa nani aliyekuwa akicheza gemu lile vizuri zaidi katika dunia niliyoijua? Jumamosi ile niliketi karibu na birika nikisubiri kumwona Milembe. Niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba jina lake litatokea mwanzoni kwa herufi kubwa, na banda zima litapiga makofi, na mama atanigeukia aniulize, "Huyu si ni yule rafiki yako?"

Jina halikutokea. Mto mweusi haukutokea. Mamba hakuna, ufunguo hakuna, mzee wa kamba hakuna. Kaka aliyepotea walikuwa wamemtoa kabisa, wakaweka mchumba mwenye nywele ndefu ambaye kila dakika kumi alikuwa anatekwa. Mtu wa Kitambaa cha Njano, ambaye kwenye gemu hakusema neno, huku alikuwa anaongea kama dalali wa mnadani, na kitambaa chenyewe kilimtoka kichwani mapema asikivae tena. Leo nikiulizwa na nikiamua kusema kweli, nitasema picha ile ilikuwa mbovu. Walichukua jina na kitambaa wakaacha hofu. Kwenye gemu yule mtu alikuwa anakufa mkononi mwako, kwa kosa lako. Kwenye picha tulijua staringi hafi, tukakaa tunasubiri tu aache kuongea.

Lakini siku ile nilitoka mle bandani nikiruka kwa furaha. Haikuwa picha ya Milembe! Na kama mto haukuwepo kwenye picha, basi, kwa hesabu zangu, mto haukuwepo popote. Jumatatu nilimsubiri getini, wenzetu wakiwa wamejaa.

"Milembe ni mwongo," nikasema. "Nimeiona yenyewe, na watu wa kweli. Hakuna mto, hakuna kaka. Katunga."

Nilitaka alie. Hakulia. Alinitazama kana kwamba nimevaa viatu vya mtu mwingine. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa mafua, akasema polepole, "Basi tushindane, Kabula. Mapumziko. Wewe hadithia picha, mimi nihadithie gemu."

Kila mtoto pale alijua kushindana ni nini. Baada ya mavuno tulikuwa tunapelekwa kuona ngoma za Wagika na Wagalu. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake wa kuimba na vituko vyake, na watu wanakimbilia panapowavuta. Hakuna jaji. Jua likielekea kushuka, upande wenye watu umeshinda, na upande uliobaki na vumbi umeshindwa. Nasi shuleni tulifanya vilevile. Tulichora mstari kwa kijiti katikati ya uwanja, mimi huku, Milembe kule, na darasa zima katikati.

Nilianza na watu wengi, nisijidharau. Nililipua gari mara mbili, nikamteka mchumba, nikapiga ngumi mpaka mate yakanikauka. Upande wa pili Milembe alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, ya kukwaruza, huku anatafuna kitu. Nikamwona mmoja anavuka mstari, kisha wawili. Nikaongeza helikopta ambayo haikuwepo. Wakavuka watano. Ndipo nikasikia alichokuwa anafanya. Alikuwa anawauliza. "Kuna mashimo mawili. Moja lina maji, moja lina moshi. Mnashuka lipi?" Nao wakapiga kelele, "La moshi!" "Haya, mmekufa. Mmebaki na roho mbili. Mnashuka lipi?" Watoto walikuwa wanaruka juu kama wamekanyaga siafu. Aliwapa wote kile kidude chenye waya bila waya wala kidude.

Mwisho nilibaki na mdogo wangu wa darasa la kwanza, naye alikuwa ananitazama mimi huku sikio lake liko kule. Na kibaya zaidi, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, ni kwamba nami nilitaka kuvuka. Nilitaka kujua kama watampata yule kaka. Wivu ulinishika mguu. Nikapaza sauti, "Ametumia dawa! Mnaona anatafuna? Kapewa dawa na bibi yake!"

Niwaeleze nilivyofikiri. Uwanjani kwenye ngoma, walioshindwa husema hivyo siku zote. Manju akivuta watu, wenzake watasema ana dawa, na yeye hucheka na sifa zake zikazidi. Kwangu lilikuwa neno la mwenye kushindwa, basi. Na kile alichokuwa anatafuna nilikijua vizuri. Ulikuwa mzizi wa kikohozi. Bibi Ngolo aliwahi kunipa na mimi, akaumenya kwa meno yake ya mbele yaliyobaki, akasema, "Tafuna ng'wana, tafuna mwanangu, utalala." Nikalala.

Ila sikuwa nimelisema neno lile kwenye ngoma. Nilikuwa nimelisema Shinyanga, juu ya kikongwe mwenye macho mekundu. Miti kwetu ilikuwa haba, Bibi Ngolo alipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka maisha yake yote, na moshi ulimla macho mpaka yakawa kama nyanya, na macho mekundu ya kikongwe kwetu watu waliyaita ya mchawi. Mwezi huohuo mtoto mchanga wa jirani alikuwa amekufa kwa homa. Mdomo huponza kichwa, wanasema, na wangu uliponza kichwa cha mwingine. Watoto walilipeleka neno nyumbani pamoja na madaftari. Siku ya pili lilikuwa bombani, kwenye foleni ya ndoo. Siku ya tatu wanawake waliacha kumsalimia Bibi Ngolo. Asubuhi ya siku ya nne baba yake Milembe aliokota mawe mawili juu ya bati lake, na kila mtu pale mtaani alijua mawe huwa yanatangulia nini.

Mama alilisikia bandani, kutoka kwa wateja wake wa chai. Alirudi nyumbani saa nane mchana, akaacha maandazi kwenye sinia bila kuyafunika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wanasema limeanzia shuleni," alisema. "Nani kalisema kwanza?"

Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikaa chini sakafuni mbele yangu.

"Kabula. Kuna vikongwe wamekatwa mapanga kwa neno dogo kuliko hilo. Nani kalisema?"

"Mimi."

"Ulimwona akifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Milembe alinishinda."

Niwatoe wasiwasi mapema: Bibi Ngolo hakuguswa. Mawe hayakuongezeka, na muhula ulipokwisha baba yake Milembe alimpeleka Kagongwa kwa shangazi wa Milembe, Milembe mwenyewe akiwa naye, na huko alikufa kwa uzee wake miaka mingi baadaye, kitandani. Nasadiki ni mama aliyemwokoa. Hakwenda kwa mwenyekiti wala kwa polisi. Alinishika mkono, tukapita mtaa mzima wakati watu wapo nje, mpaka kwa kina Milembe.

Bibi Ngolo alikuwa ndani, mlango umefungwa. "Shikamoo mayu," mama alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika mpaka bombani. "Tumekuja kula kwako. Mimi na binti yangu."

Bibi akajibu ndani, "Marahaba. Chakula chenyewe michembe tu."

"Ndiyo tunayoitaka. Tena tutakulia hapa nje."

Mama mwenyewe alitoa vigoda viwili akaviweka ukutani, upande wa barabara. Watu wote wanajua kwamba kula kutoka mkononi mwa mtu anayeshukiwa ni kutangaza kuwa humwogopi. Wanawake wa foleni waliacha maji yafurike. Bibi Ngolo alitoka na bakuli la viazi vikavu vilivyochemshwa, vimechanganywa na karanga. Milembe alitoka nyuma yake na maji ya kunawa. Alinimiminia bila kuniangalia. Hata hapo, baada ya yote niliyoyafanya, niliona alivyoegemea kiuno cha bibi yake na nikamwonea wivu kwa kuwa na mtu wa kumwegemea.

"Mama Kabula, kula," Bibi alisema. Mama akachukua kiazi kikubwa, akakitafuna taratibu akiitazama barabara, akachukua cha pili. "Na wewe ng'wana, kula."

Nikanyoosha mkono. Ukafika juu ya bakuli, ukasimama.

Uongo ule niliutunga mimi. Nilijua saa niliyoutunga, nilijua kwa nini, nilijua hata mzizi ulikuwa wa nini. Lakini kwa siku nne nilikuwa nimeusikia ukirudi kwangu kutoka midomo ya watu wazima, wakiunong'ona kwa uso wa kweli, na sasa nilitazama yale macho mekundu na vidole vyake ukingoni mwa bakuli, nikaogopa kula. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Mama hakuona, alikuwa anaangalia barabara. Bibi hakuona, macho yake hayakuwa ya kuona kitu kidogo hivyo.

Milembe aliona.

Nilikula. Nilikula kuliko mama, nikamaliza na karanga za chini. Milembe alisubiri. Bakuli lilipokwisha alilichukua, akakifuta kwa pindo la kanga kigoda nilichoinuka, kwa adabu zote, kama cha mgeni.

"Karibu tena," akaniambia, kwa ile sauti tuliyofundishwa wote kuwaambia wageni.